Tupeane uzoefu: siku ambazo hushiki spana, unazipelekaje?

Habari za majukumu wakuu.

Uzi huu ni wa wale wenye gari la zamani uani wanalolifufua kidogo kidogo, hasa sisi wa Dodoma, Singida na wilaya zake. Injini, rangi na bei za spea tumeshaziongea sana. Leo naomba tuzungumzie zile siku ambazo hugusi gari kabisa, maana ukipiga hesabu ya mwaka ndizo nyingi. Spea haijafika, hela imeenda ada ya shule, fundi wa mashine ana foleni, au hali ya hewa imekataa tu.

Na hali ya hewa ya hapa tunaijua. Katikati ya mwaka upepo unavuma na vumbi, ukifungua injini uani bila chumba cha kufunga unaingiza mchanga kwenye kila kitu. Mvua zikianza Desemba shida inageuka. Kwetu Nkuhungu maji yanatuama, jeki inazama kwenye tope na huwezi kulala chini ya gari kwa usalama.

Mimi nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Bodi ni alumini, haina kutu ya kutisha, lakini chasisi ni chuma na ndiyo inayokula muda na pesa. Gia boksi sasa hivi iko Dar, inasubiri beringi. Nimeona watu wakiuza magari mazuri kwa bei ya chuma chakavu, na ukikaa nao vizuri unakuta hawakushindwa ufundi, walichoka kusubiri. Hilo linaniuma sana. Gari limefunguliwa, nusu ya kazi imeshafanyika, halafu linaishia kwenye mizani. Naamini anayejua kuishi vizuri siku za kusubiri ndiye anayemaliza gari, ndiyo maana nataka tuambizane bila kufichana.

Naanza mimi. Siku zangu zinaenda kwenye zabibu. Familia ina shamba dogo Hombolo, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kazi haikauki. Ninachokipenda zaidi ni kupogoa. Unashika mkasi, unaangalia tawi lililokomaa, unahesabu macho ya kuchipua unayoyaacha, unakata juu ya jicho kwa mshazari. Ukiacha macho mengi mno unapata majani na vichala vidogo. Ukikata mno umejinyima mavuno. Majani yakishatoka unapita asubuhi kabla jua halijawa kali, unageuza jani moja moja kutafuta ule unga mweupe wa ubwiri, ukiuona unapuliza salfa mapema kabla haujasambaa. Gari linaweza kukaa mwaka mzima likikusubiri wewe. Mzabibu ukishapogolewa hauna subira, unachipua na kazi zake zinakuja kwa tarehe. Mimi nilihitaji kitu chenye tarehe. Na pesa ya mavuno, baada ya mahitaji ya nyumbani, ndiyo inayonunua spea.

Jumamosi nikipata nafasi naenda mnada wa Msalato kula nyama. Pale unakutana na wazee wanaotoka vijijini ambao wamewahi kuendesha Land Rover miaka mingi, na mazungumzo yao ni shule.

Haya, karibuni.

Mdau wa Kizota

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni fundi kwa kazi, kwa hiyo kwangu ni kinyume: spana nashika kila siku, ila za magari ya watu. Peugeot 504 yangu iko nyuma ya gereji imefunikwa turubai. Jioni nikifunga kazi mikono imechoka, na gari la mapenzi halitengenezwi na mtu aliyechoka. Utalazimisha nati, utakata uzi wa boliti, kesho unaanza kutafuta kifaa cha kuchonga uzi upya.

Siku ambazo sina kazi naenda Jamhuri kuangalia Dodoma Jiji. Zikicheza Simba au Yanga hapa mji unajaa, hata wateja hawakumbuki magari yao.

Lakini kitu kinachonishika zaidi ni historia ya mashindano ya magari. Yalianza 1953 yakiitwa Coronation Safari, baadaye yakaitwa East African Safari, na njia ilipita Kenya, Uganda na kwetu Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara nne, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Vijana wengi wa gereji hawajui kwamba gari wanalolidharau liliwahi kuyashinda magari yote ya dunia kwenye barabara za Afrika Mashariki. Mimi natafuta wazee waliosimama pembeni ya barabara enzi hizo, naenda kuwasikiliza. Mzee mmoja alinieleza jinsi walivyokaa usiku kucha wanasubiri taa zitokee upande wa mlima. Nikirudi nikiinua lile turubai, naliona gari kwa jicho jingine kabisa na hamu inarudi yenyewe.

Mdau wa Kongwa

Mimi ni mwalimu, na niseme kwa faida ya dada zangu waliopo kimya humu: tupo. Gari langu ni Volkswagen Beetle, kobe la marehemu baba. Fundi wangu yuko Dodoma mjini na gari liko kwake, kwa hiyo siku nyingi niko mbali nalo kihalisi.

Kazi niliyojichagulia ni viti. Niling'oa viti vyote nikavileta nyumbani, nikavua vitambaa vya zamani taratibu bila kuchana, maana kila kipande ndicho kielelezo cha kukatia kipya. Reksini, ile ngozi bandia ya viti, haishonwi na sindano ya kawaida ya cherehani, inavunjika. Unaweka sindano nene, uzi wa nailoni, mshono mrefu kidogo, kwa sababu mshono mfupi unatoboa matundu mengi karibu karibu na reksini inakatika hapo hapo kama karatasi ya stempu. Kwenye pembe nageuza gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu kwa tundu. Nashona usiku watoto wakishalala. Springi za ndani nilizipiga msasa nikazipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunika.

Na kwa kuwa mko kwenye historia, njooni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa ule mradi mkubwa wa karanga. Matrekta hayakutosha, wakaleta hadi vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa vichaka. Udongo ukikauka hapa unakuwa mgumu kama saruji, majembe yalikwisha makali, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wanafunzi wangu nawapeleka nje kuangalia ardhi ile ile, nawaeleza habari ya mashine zilizoshindwa na udongo. Wanauliza maswali mazuri kuliko ya darasani.

Mdau wa Mtumba

Mimi ni mtumishi, nimehamia na ofisi. Land Cruiser FJ40 yangu ilibaki Dar kwa kaka, sina mahali pa kuiweka hapa, napanga. Zamani kwenda kuiona ilikuwa basi, siku nzima barabarani, nafika nimechoka. Treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma 2024 mambo yalibadilika, naondoka Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi niko chini ya gari.

Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa ndizo siku zangu za mbali. Natumia daftari. Kila nikitoka Dar naandika nilipoishia: boliti gani iko kwenye kopo gani, waya gani umeunganishwa na upi, nini kinunuliwe. Halafu jioni za huku napiga simu kwa wauza spea wa Gerezani, nauliza bei, nalinganisha. Wikiendi ninayobaki sigusi daftari kabisa, hiyo ni ya watoto. Tulienda Kolo, ukipita Kondoa kama unaelekea Babati, kuangalia michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Unapanda mlima na mwongozaji, mnafika chini ya jabali, unaona twiga na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Binti yangu alikaa pale hadi tukamwita. Barabara ni lami hadi huko, wenye familia msiache kwenda.

Mdau wa Singida

Kwangu ni alizeti tu. Desemba hadi mavuno niko shambani, gari nalisahau na nalisahau kwa amani. Nikishauza na kukamua ndipo nafungua stoo. Jioni natembea kando ya Ziwa Singidani, basi.

Mdau wa Mpwapwa

Wanangu nimewasoma wote, hongereni. Mimi ni mstaafu, nimekaa na magari tangu enzi za malori ya Bedford. Naomba niongeze jambo moja, maana naona mnaliacha gari kwa moyo mweupe mno. Kuondoka kwenye gari si vibaya, ila liandaeni kwanza.

Injini isiyowashwa, ringi zinashikana na silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina oili kidogo kila tundu, kisha kila mwezi izungushe kwa mkono. Mwenye Land Rover za zamani una bahati, hendeli inaingia mbele. Betri itoe kabisa, uichaji kila baada ya muda. Petroli ya kwenye kabureta imwage, ikikaa inaacha utando unaoziba njia ndogo. Breki nazo zikanyage mara kwa mara, mafuta ya breki yanavuta unyevu na pistoni za kwenye magurudumu zinakwama.

Hewa yetu kavu ni rehema kwa bati, gari la Dodoma haliozi kama la pwani. Lakini jua letu linapasua mipira na dashibodi, kwa hiyo lifunike, na turubai usilikaze hadi hewa isipite. Panya wanapenda nyaya, usiache mahindi karibu.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Usiliegemeze gari kwenye magogo. Mchwa wa huku wanakula gogo kutoka ndani, nje unaliona zima. Na tofali la kuchoma linapasuka ghafla bila kuonya. Tafuta stendi za chuma, hata za kuchomelewa mtaani, mradi zina miguu mipana. Mtoto akichezea chini ya gari lililokaa juu ya tofali, hakuna gari linalostahili hilo.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hili la mchwa nimetoka nalo nje na tochi usiku huu huu. Upande wa nyuma nilikuwa na gogo, kesho asubuhi linatoka. Mwalimu wa Kongwa, ukiwa na picha za hivyo viti tuwekee, nina viti vya mbele vinahitaji mkono kama wako na kazi nitalipa vizuri.

Mdau wa Kongwa

Picha naweka mwishoni mwa wiki. Leta viti shule zikifunga, kabla ya hapo sitakudanganya kwamba nitaweza. Uje na vitambaa vya zamani vyote, hata vilivyochanika.

Mdau wa Ng'hong'onha

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina Corolla KE70 yenye injini ya 4K niliyonunua ikiwa imekufa. Pesa ya kuigusa sina kwa muda mrefu, kwa hiyo siku zangu za mbali niliamua zilipe gari lenyewe. Nilijifunza kuchomelea kwa fundi mmoja wa mageti, saa ambazo sina kipindi. Miezi ya kwanza alinipa vipande vya chuma chakavu tu, nachora mstari kwa chaki na kuufuata na fimbo ya kuchomelea hadi mshono ukae sawa bila kutoboa. Bati jembamba ni gumu kuliko chuma kinene, linataka umeme kidogo na mkono mwepesi, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua. Ilinichukua muda mrefu kuzoea, ila sasa naweza kuziba sakafu ya gari.

Naunda mabenchi na meza za vibanda vya chipsi, nauza kwa majirani. Mzee wa Mpwapwa, nikikutengenezea mchoro wa hizo stendi ukaniangalizia upana wa miguu, naweza kuziunda kwa wadau wote hapa kwa bei ya chuma na umeme. Niambie tu uzito wa gari na urefu unaoutaka.

Mdau wa Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Miguu minne, chini ipanuke kuliko juu, kichwani uweke umbo la V ili chasisi isiteleze, na kila mguu uunganishwe na mwenzake kwa nondo. Tundu za kubadilisha urefu toboa kwa drili, usitoboe kwa moto. Nitumie mchoro kabla hujakata chuma.