Mjadala: Dagaa wa ziwa letu wasagwe kuwa chakula cha kuku au wabaki mboga ya watu?

Mleta mada, Ilemela

Mwangaluka wakuu. Hii mada imenikaa kooni wiki nzima, naomba tuijadili kwa utulivu bila matusi.

Juzi Jumamosi nilishuka Mwaloni, lile soko la samaki pale Kirumba, kumnunulia bibi yangu dagaa, huwa namfungashia namtumia Kwimba na gari la asubuhi, nikakuta mzigo mzuri balaa, dagaa weupe wanang'aa, wamekaushwa juu ya chanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi, ukiminya mkononi husikii hata punje ya mchanga. Nikamuuliza mwenye mzigo bei ya debe, akanijibu mwanangu hawa hawauzwi, wameshalipiwa na watu wa kinu. Mimi nikajua kinu cha unga wa lishe ya watoto kumbe ni kinu cha chakula cha kuku. Pembeni yake kulikuwa na rundo la wale wa kuanikwa chini mchangani, wamefubaa, hao ndo nikaambiwa wa kula. Yaani kuku kapewa wa chanja na bibi yangu kapewa wa mchanga, nimerudi nyumbani sina raha mpaka leo.

Kwa asiyejua, kwa uzito dagaa ndo samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko wote Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ya mzigo wote unaotoka ziwani ni yeye, Waganda wanamwita mukene Wakenya omena, na zaidi kidogo ya nusu ya ziwa lenyewe iko kwetu Tanzania. Huyu analiwa mzima mzima na kichwa na mifupa yake, ndo maana ana kalsiamu na madini ya chuma na zinki ambayo huyapati kwenye mnofu mtupu wa samaki mkubwa, na mtu wa hali ya chini anampata bila kuuza kitu ndani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sisemi dagaa peke yake atamaliza udumavu, ila nauliza nchi yenye watoto hao inasagaje dagaa safi kulisha kuku.

Na hii si mara ya kwanza. Tulio na umri tunakumbuka miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilivyojaa hapa Mwanza, sangara akawa samaki wa kupanda ndege, mnofu ukaenda Ulaya sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa vinakaangwa kwenye mapipa ya mafuta barabarani na mtu ananunua kwa furaha kabisa maana hana kingine. Tulizoea. Mimi sitaki tuzoee tena na kwa dagaa.

Pendekezo langu: iwekwe sheria kwamba dagaa wa kiwango cha kula wasisagwe kwa ajili ya mifugo, wenye vinu wachukue wale waliokataliwa, waliovunjika, walionyeshewa. Karibuni.

Mfugaji wa kuku, Buhongwa

Kaka nakuheshimu lakini hapo mwisho umeteleza vibaya. Unataka kuku wangu wale walionyeshewa? Dagaa aliyenyeshewa anaota ukungu, ule ukungu ni sumu, kuku wanashuka kutaga, wengine wanakufa, na huo mzigo haufai kwa kiumbe yeyote. Nina kuku wa mayai 600, nachanganya chakula mwenyewe, ngoja nikueleze hesabu ilivyo.

Leya, yaani kuku wa mayai, anataka chakula chenye protini asilimia 16 au 17. Mahindi yanakupa 8 au 9, pumba nayo haifiki mbali, kwa hiyo lazima utafute kitu cha kupandisha, na dagaa mkavu zaidi ya nusu yake ni protini na ina laisini na methionini, viini vya protini ambavyo kuku anavihitaji na ambavyo mashudu ya alizeti hayana vya kutosha. Mashudu ya pamba tunayo mengi hapa jirani Simiyu na Shinyanga, lakini ukizidisha yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, kiini cha yai kinabadilika rangi na mteja anakurudishia trei. Soya nyingi inatoka huko Ruvuma na Nyanda za Juu, hesabu nauli mpaka ifike Mwanza.

Halafu kuhusu wa mchanga. Mwaka juzi nilinunua gunia la dagaa wa bei rahisi nikachekecha mwenyewe nyumbani na mke wangu, tukatoa mchanga ndoo ya lita kumi ikajaa. Nililipia mchanga kwa bei ya protini! Ndo maana tunakimbilia wa chanja, si kwamba tunamdharau bibi yako. Na yai nalo ni chakula, watoto hao hao unaowasema wanakula mayai yangu.

Mchangiaji, Nyakato

Yai moja bei gani na fungu la dagaa bei gani? Mwenye kipato kidogo yai anamnunulia mgonjwa, dagaa anakula kila siku. Hapo ndo penye mjadala.

Mvuvi, kisiwa cha Kome

Naona mnagawana samaki ambao hamjawavua.

Sisi tunaingia ziwani giza, mwezi ukiwa mkubwa hatuendi maana dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo mwezi mzima una siku za kufanya kazi na siku za kukaa. Ukirudi alfajiri una deni la petroli, la taa, chakula cha vijana, mgao wa tajiri mwenye mtumbwi na nyavu. Kiangazi mzigo unakauka siku moja tu na wanunuzi wapo wengi, hapo hata wa kula wananunua. Masika sasa, umeanika asubuhi mvua inakuja saa tano, unageuza, unafunika, kesho yake inanuka. Siku hiyo mchuuzi wa mjini haji, mwenye unga wa lishe haji, anayekuja ni wa kuku tu na analipa taslimu. Ukinizuia nisimuuzie utaninunulia wewe kaka wa Ilemela, au nirudishe ziwani?

Na mbona hamuwasemi wanaosafirisha kwenda Kongo na Burundi? Ule nao ni mzigo unaoondoka.

Mleta mada

Kaka wa Kome umenishika, kuhusu masika sikuwa nimefikiria vizuri na nakubali, na mfugaji wa Buhongwa umenisahihisha kuhusu ukungu, hilo la walionyeshewa nalifuta. Ila wa Kongo na Burundi sina tatizo nao kabisa maana kule dagaa wetu wanaliwa na watu, mtoto wa Bukavu na mtoto wa Magu wote ni watoto. Kinachoniuma ni kinu. Na lile la kiangazi hujanijibu, mzigo mkavu mweupe wakati wa jua nao unakwenda kinuni, huo hauna kisingizio cha mvua.

Mama mchuuzi, Mabatini

Wanangu nimesoma yote, naombeni niseme la kwangu maana mimi ndo nipo katikati yenu.

Nauza dagaa miaka kumi na tisa, nimesomeshea watoto wanne. Zamani nilikuwa nakwenda Mwaloni na mtaji wa elfu thelathini narudi na mzigo wa kuuza siku tatu. Sasa hivi nakwenda na mtaji mara tatu ya huo nakuta fuso imeegeshwa, kijana kashika daftari, keshachukua magunia yote kwa mkupuo hata kabla hayajashushwa. Mimi nikisema nataka debe mbili mwenye mzigo ananiambia mama siwezi kumvunjia tajiri gunia kwa ajili ya debe mbili. Si kwamba nashindwa bei, wakati mwingine naweza hata kumzidi, kinachonishinda ni wingi. Yeye ana pesa ya gunia mia, mimi nina pesa ya debe.

Na kwa mteja hali ni hiyo hiyo, bei ya fungu sipandishi maana watu hawana, kwa hiyo napunguza fungu. Kuna mama mmoja ana wajukuu watano, huwa ananunua kwangu kila jioni mboga ya kulia ugali wa udaga, ule wa muhogo. Zamani fungu moja liliwatosha. Sasa anachukua lile lile moja, naona kabisa halitoshi, na yeye anaona, tunanyamaza wote wawili. Siku nyingine namuongezea kiganja lakini siwezi kumuongezea kila siku, nami nina marejesho ya kikoba.

Mimi siombi sheria ya kumkataza wa kuku. Akikatazwa atapita usiku na atatoa rushwa, bei itapanda na hela itaishia njiani. Ninachoomba ni muda. Mzigo ukifika mwaloni, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu wauziwe wachuuzi kwa debe na kwa sado, ikifika saa tatu na mwenye fuso naye apakie chake. Soko la mboga wanaweza, sisi kwa nini tusiweze?

Mfugaji wa kuku, Buhongwa

Mama shikamoo. Hili la saa tatu kwa kweli sina pingamizi nalo, mimi mzigo wangu hata nikiupata saa sita sawa tu, kuku hawali gunia zima siku hiyo. Sijui kama wenye vinu vikubwa watakubali lakini mimi nalikubali.

Aliyekuwa ofisi ya uvuvi, Nyegezi

Nimestaafu, nitasema kama raia. Mnaongelea kuku tu, mnamsahau mlaji mwingine anayekuja kwa kasi, naye ni samaki wa kufugwa. Januari 2024 Rais alikuja hapa Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki ziwani kwa mkopo nafuu, tangu hapo ukipita ufukweni unaviona vinaongezeka. Mimi naviunga mkono vizimba, sato wa ziwani amechoka kuvuliwa kwa kokoro na nyavu za macho madogo. Lakini sato wa kizimba naye anakula chakula cha kiwandani, hasa akiwa kifaranga anataka protini nyingi, na protini rahisi ni dagaa yule yule. Nafuu iliyopo sato si mla nyama kama sangara, akishakuwa mkubwa anaweza kukua vizuri kwa chakula chenye soya na mashudu mengi, ni suala la mtengenezaji kutaka.

Pia mkumbuke humo ziwani sangara naye anamtegemea dagaa, tangu wale samaki wadogo wanaoitwa furu walipopungua sana miaka ya 1980 dagaa ndo mmoja wa chakula chake kikubwa. Kwa hiyo sahani moja, wanaonyoosha mkono ni mtu, kuku, sato wa kizimba na sangara. Dagaa anazaa haraka, anakomaa kabla hajatimiza hata mwaka, hiyo ndo imetuokoa mpaka leo, lakini ukivua wachanga kwa nyavu za macho madogo kuliko yanayoruhusiwa unavunja hiyo bahati. Na wachanga wengi mwisho wao ni kinuni, maana kinu hakiangalii ukubwa, kinaangalia uzito.

Kuhusu mbadala, wapo vijana wanafuga funza wa wale nzi weusi kwa masalia ya sokoni, funza wanakaushwa wanalishwa kuku na samaki, protini yake ni nzuri. Bado ni wachache na bei haijashuka. Kama kuna mahali mikopo ingeleta faida kwa pande zote ni hapo.

Mleta mada

Mzee shikamoo na wabeja sana, hilo la vizimba sikuwa nimeliunganisha.

Mama wa Mabatini, pendekezo langu la sheria naliweka chini nachukua la kwako. Nilikuwa nawaza kukataza wakati wewe unawaza foleni, na foleni inatekelezeka. Ila naongeza moja kwa sababu ya alichosema kaka wa Kome: huo muda wa wachuuzi wa mpaka saa tatu hautasaidia kitu masika kama mzigo wote umeanikwa mchangani umenyeshewa, maana hakutakuwa na cha kumuuzia mama hata akipewa siku nzima. Chanja zenye paa la nailoni ndo mwanzo wa yote. Ushuru unaokusanywa pale mwaloni kwa kila gunia ni wa dagaa hao hao, kwa nini usirudi ukajenga chanja? Hili mimi nalisimamia na nitalisema popote.

Kaka wa Kome, nikuulize kwa heshima. Kwenu chanja zipo? Na mkipata za kutosha uko tayari alfajiri kuuza kwa debe kwanza?

Mvuvi, kisiwa cha Kome

Kwetu zipo chache, mbao zimeoza, nyavu zimetoboka, nyingi tulijenga wenyewe kwa miti, waliobaki wanaanika kwenye mawe na mchanga. Chanja yenye paa nimeiona mwalo mmoja tu na yule jamaa masika yote aliuza dagaa weupe, sitaki kudanganya.

Kuuza kwa debe alfajiri mimi sina shida, shida ni kwamba nikiwa kisiwani mchuuzi yuko Mabatini, kwa hiyo hilo ni la Mwaloni huko kwenu walipangie huko. La kwetu ni chanja. Giza hili limebaki siku tano, mwezi ukishakua tunakaa, na BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, huwa inaitisha kikao siku hizo maana wote tupo nchi kavu. Nitalipeleka hili la ushuru kurudi kwenye chanja. Mama wa Mabatini kama una wenzako wachuuzi mnaweza kuandika barua nikaisoma pale kikaoni, niandalieni, boti ya mizigo inakuja huku Jumatano.

Mama mchuuzi, Mabatini

Nitaandika mwanangu. Kesho jioni nikifunga meza nawakalisha wenzangu, Jumatano itakuwa kwenye boti.