Erna Solberg wa Norwei: "Erna wa Chuma" na yule mama wa watoto ni mtu mmoja?

Kijana_wa_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili, na nimepewa kazi ya kuandika kuhusu kiongozi mmoja wa kihafidhina wa Ulaya. Nimemchagua Erna Solberg wa Norwei. Tarehe ninazo: alizaliwa Bergen 1961, akaingia bungeni 1989, akawa Waziri wa Serikali za Mitaa 2001 hadi 2005, akashika uongozi wa chama cha Høyre 2004, kisha waziri mkuu 2013 hadi 2021.

Kinachonishinda ni hiki. Alipokuwa waziri alisimamia pia mambo ya wahamiaji, na kwa ukali wake wakampachika jina "Jern-Erna", Erna wa Chuma. Halafu namwona 2020 anazungumza na watoto kuhusu korona kwa upole kabisa. Alibadilika, au ni siasa tu? Kama kuna anayeishi huko naomba anisaidie.

BabaNeema_Oslo

Mkuu, tazama kura utapata jibu. Mwaka 2005, uchaguzi wake wa kwanza akiwa kiongozi wa chama, Høyre walipata asilimia 14.1 tu. Wengi walidhani ndiyo mwisho wake. Akatulia, akaanza kuongelea shule, afya na watu wa kawaida, na kodi akaipunguzia sauti. 2009 wakapanda hadi 17.2, na 2013 wakafika 26.8. Akaunda serikali na chama cha Maendeleo, FrP, ambacho kwa wageni ni kikali kuliko yeye. Hapo chuma kikabebwa na wengine, yeye akabaki na tabasamu. Mimi naiita siasa, tena siasa iliyopangwa vizuri.

MamaBaraka

Kijana, mimi nimelelewa Uvira, Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Kigoma, miaka saba, kwa hiyo ukisema Ujiji naiona. Tulitua Norwei Novemba 2005, mwezi mmoja baada ya Erna kutoka kwenye uwaziri. Yeye sikumkuta, ila sheria yake niliikuta inanisubiri.

Sheria hiyo ilianza Septemba 2003, na mwaka uliofuata ikawa lazima kwa manispaa zinazopokea wakimbizi. Kabla yake mkimbizi aliyepewa makazi alikuwa anapewa posho ya ustawi, na wengi walikaa nayo nyumbani miaka. Sheria mpya ikasema utaingia kwenye programu ya hadi miaka miwili, siku nzima kama mtu anayekwenda kazini: lugha, mambo ya nchi, mazoezi ya kazi. Unalipwa kwa kuhudhuria. Usipofika bila ruhusa, unakatwa.

Mimi nilikatwa. Ilikuwa wiki ya tatu. Baraka alikuwa na miaka mitano, akaamka na homa, nikabaki naye siku mbili. Sikujua kwamba unatakiwa kupiga simu asubuhi, na hata ningejua, neno la Kinorwei nililokuwa nalo lilikuwa "takk", asante. Mwisho wa mwezi ikaja karatasi ya malipo, na mstari mmoja una alama ya kutoa mbele yake. Nikamshika mtoto mkono hadi ofisini. Mhusika akaweka kidole kwenye kanuni, akakiacha pale mpaka nikanyanyuka. Nililia ndani ya basi njia nzima, na Baraka ananifuta kwa mkono wa koti lake.

Hata hivyo sitasema uongo, miaka miwili ile ndiyo iliyonitoa. Darasani tulikuwa wanawake sita, wawili hawajawahi kushika kalamu tangu wazaliwe. Kwa mazoea tuliyotoka nayo, mume ndiye angekwenda shule, sisi tungebaki na watoto, na hela ingeingia kwa jina la baba. Programu ilimlipa kila mtu mzima kwa jina lake mwenyewe. Ile bahasha yenye jina langu peke yangu, nilikuwa sijawahi kuiona kitu kama hicho maishani, na nilikuwa na miaka 31. Mazoezi ya kazi wakanipeleka nyumba ya wazee. Nilianza kwa kupaka mikate siagi na kuparuza lile jibini lao la kahawia, nikiwasikiliza wazee wanavyotamka maneno. Leo nina cheti cha uhudumu wa afya na bado niko nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo, Baba Neema, hesabu zako naziheshimu, lakini sikubaliani kwamba kulikuwa na Erna wawili. Huyohuyo aliyeleta darasa ndiye ambaye, kuanzia Januari 2004, serikali yake iliwatoa kwenye vituo vya mapokezi watu waliokataliwa hifadhi kwa mara ya mwisho. Nimewajua wawili wa namna hiyo, wakilala leo kwa huyu kesho kwa yule, wanaogopa hata kwenda hospitali. Kwake jambo ni moja tu: aliyepewa ruhusa ya kukaa afanye kazi, aliyekosa arudi kwao. Mimi nilikuwa upande wenye bahati wa neno hilo, na sisahau.

Sasa kuna jambo ambalo kijana, nakuomba usiliache kwenye kazi yako. Erna ana disleksia, ile shida ya kusoma na kuandika herufi zikipishana. Iligunduliwa akiwa na miaka 16, wala hakuificha. Baraka alipofika darasa la tatu alikuwa bado hasomi. Nilidhani ni uvivu, Mungu anisamehe, nikamfokea sana juu ya daftari lile. Mwalimu akaniita, akaniambia mtoto apimwe. Majibu yalipotoka akanitajia Erna Solberg, wakati huo kiongozi wa chama cha upinzani, kuonyesha kwamba shida hii haimzuii mtu. Mwaka 2013, usiku wa matokeo ya uchaguzi, Baraka ana miaka 13, akaja jikoni ameshika simu: "Mama, ameshinda yule mwenye shida yangu." Mimi kura yangu nilikuwa nimewapa wengine. Nilimkumbatia tu.

Kijana_wa_Ujiji

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili na nimeiandika ile ya bahasha, ukiniruhusu. Nina maswali mawili. Wakimbizi walipokuja wengi 2015 alifanyaje? Na hiyo ya korona ulionaje wewe uliyekuwa huko?

MamaBaraka

Marahaba mwanangu. Andika tu.

2015 walifika waomba hifadhi zaidi ya 31,000, na hapa ni nchi ya watu milioni tano. Elfu kadhaa walipitia Storskog, mpaka wa Urusi huko kaskazini ya mbali, juu ya baiskeli, kwa sababu upande wa Urusi hawaruhusu mtu kuvuka kwa miguu. Baridi kali, mtu mzima juu ya baiskeli ya mtoto. Serikali ikabana mpaka, ikabana sheria, na Desemba akateua waziri wa uhamiaji kutoka FrP, Sylvi Listhaug, ambaye maneno yake yalituchoma wengi. Hapo namlaumu Erna. Yeye mwenyewe hakusema maneno yale, lakini ndiye aliyempa kiti.

Korona: tarehe 16 Machi 2020, shule zimefungwa, aliitisha mkutano wa habari wa watoto peke yao. Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka tisa, akakaa chini karibu na televisheni mpaka nikamrudisha nyuma. Watoto walikuwa wametuma maswali, mmoja anauliza kama anaweza kufanya sherehe ya kuzaliwa. Erna alijibu taratibu, akawaambia si vibaya kuogopa kidogo. Binti yangu usiku ule alilala kitandani kwake, baada ya siku tatu za kulala kwangu. Mimi nilikuwa natoka zamu na barakoa imenichora usoni, na kwa hilo nilimshukuru kutoka moyoni.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka uliofuata yaliniuma. Alitimiza miaka 60, familia wakaenda Geilo milimani, wakazidi kumi walioruhusiwa. Polisi walimpiga faini ya kroner 20,000. Akaomba radhi, akalipa. Kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna waliokuwa wametimiza miaka 90 na watoto wao wako nje ya dirisha wanapunga mkono. Mmoja nilimshikia keki mimi, mwanawe akiwa upande wa pili wa kioo.

Septemba mwaka huohuo akashindwa uchaguzi. Baadaye, 2023, yakatoka ya mumewe kununua na kuuza hisa wakati yeye ni waziri mkuu, na yeye anasema hakujua. 2025 chama kikaangukia asilimia 14.6, karibu palepale alipoanzia, akatangaza anaachia uongozi.

Baraka sasa ni fundi umeme. Barua za kazini anasomewa na simu. Nimemwambia kuhusu swali lako, anasema kazi ikiisha uiweke hapa, aisikilize.