Forever Changes ya bendi ya Love (1967): je, fidla na tarumbeta zilipachikwa baadaye?

Msikivu wa Santuri (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiisikiliza albamu ya Forever Changes ya bendi ya Love ya Los Angeles, iliyotolewa na kampuni ya Elektra mwezi Novemba 1967, na kila ninapoirudia nakwama palepale. Hii ni roki ya enzi ya saikedeli, yaani muziki unaoiga kizunguzungu cha dawa za kulevya, tena ya mwaka ambao bendi nyingi za California zilikuwa zikishindana kwa ngurumo za magitaa ya umeme, lakini humu karibu kila wimbo umesimama juu ya gitaa kavu, na kandoni mwake kuna fidla na tarumbeta zilizopangwa kwa ustadi wa hali ya juu. Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mpiga besi, anashikilia kwamba kampuni ndiyo iliyozipachika fidla hizo baada ya bendi kumaliza kazi yake, ili muziki ulainike na kuuzika. Anaongeza kwamba bendi yenyewe haikupiga chochote, na kwamba kazi yote ilifanywa na wanamuziki wa kukodiwa. Naomba wenye kufahamu jinsi albamu hii ilivyotengenezwa wanieleweshe.

Fundi Mitambo

Ndugu mleta mada, rafiki yako amezichanganya habari mbili. Ya kwanza si kweli kabisa. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila ameikuza kupita kiasi.

Nianze na hiyo ya pili. Kazi ilianza Juni 1967 katika studio ya Sunset Sound, Hollywood, na fundi aliyeketi kwenye mitambo alikuwa Bruce Botnick, ambaye ndiye pia aliyeirekodi bendi ya The Doors. Mpango wa awali ulikuwa mwanamuziki Neil Young ashirikiane naye katika utayarishaji, lakini Young akajitoa, na mwishowe majina yaliyoandikwa kama watayarishaji yakawa ya Arthur Lee, kiongozi wa bendi, na Botnick mwenyewe. Bendi ilikuwa katika hali mbaya: dawa za kulevya zilikuwa zimeingia, mazoezi yamelegea, na Love walikuwa maarufu kwa kukataa kusafiri mbali na mji wao kwa ajili ya maonyesho. Botnick na Lee waliamua kuleta wapigaji wa kukodiwa, tena si wa kubahatisha: Hal Blaine kwenye dramu, Carol Kaye kwenye besi, Billy Strange kwenye gitaa na Don Randi kwenye kinanda, watu ambao wakati huo walisikika katika sehemu kubwa ya nyimbo zilizotamba kutoka Los Angeles bila majina yao kuandikwa kwenye majalada.

Hao walipiga nyimbo mbili tu, yaani "Andmoreagain" na "The Daily Planet". Wenye bendi walikaa studio wakiwatazama wageni wakipiga kazi yao, na inasimuliwa kwamba baadhi yao walitokwa na machozi. Aibu hiyo ikafanya kazi ambayo maonyo yalishindwa kuifanya. Kazi ikasimama, wakarudi kwenye mazoezi, na waliporejea studio mwezi Agosti walikuwa na uwezo wa kuzipiga wenyewe nyimbo 9 zilizobaki. Kwa hiyo unaposikia Johnny Echols akiliachia gitaa la umeme mwishoni mwa "A House Is Not a Motel", au Michael Stuart akizipiga dramu zake kwa mkazo ule, ujue hiyo ni Love yenyewe.

Sasa kuhusu fidla. Botnick ameeleza kwamba Lee alikuwa nazo kichwani tangu mwanzo. Lee hakuwa mtu wa kuandika nota, hivyo alikaa na mpangaji wa muziki David Angel kwa takriban wiki tatu akimwimbia na kumpigia kila sehemu, naye Angel akiigeuza kuwa nota ambazo wapigaji wa okestra wangeweza kuzisoma. Okestra iliingia studio mwezi Septemba, ni kweli, lakini kurekodiwa mwisho si sawa na kubuniwa mwisho. Ushahidi umo ndani ya "Alone Again Or". Wimbo unaanza na gitaa kavu likidonolewa taratibu, sauti ikipanda kidogo kidogo. Halafu katikati, mahali ambapo bendi yoyote ya zama zile ingemwachia mpiga solo, magitaa yanabaki kushika mapigo tu na uwanja wote unaachwa kwa tarumbeta zenye lahaja ya Kimeksiko. Iondoe tarumbeta hiyo na wimbo unabaki na pengo la wazi. Mtu haachi pengo la namna hiyo kwa ajili ya kitu asichokijua.

Binti Mwambao

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila naona anamsahau mtu muhimu. "Alone Again Or" haikutungwa na Arthur Lee. Ilitungwa na Bryan MacLean, mpiga gitaa wa pili, ambaye kabla ya kujiunga na Love alikuwa mbeba vyombo wa bendi ya The Byrds, na ambaye mama yake alikuwa mcheza flamenko. Ukilijua hilo, ule mdundo wa Kihispania kwenye gitaa haukushangazi tena. MacLean alipata nyimbo 2 tu kati ya 11, nyingine ikiwa "Old Man", na hata katika huo wimbo wake maarufu, wakati wa kuchanganya sauti, sauti ya Lee iliyokuwa ya kusindikiza ilipandishwa hadi ikaifunika ya kwake. Kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma ndogo, ingawa lazima nikiri kwamba matokeo yake yanavutia: unamsikia mtu mmoja akiimba upweke wa mwingine.

Kuhusu saikedeli, mleta mada asiitafute kwenye mitambo. Ujanja wa studio humu ni mchache sana, na ulio wazi zaidi ni ule wa mwisho wa "The Good Humor Man He Sees Everything Like This", ambapo mkanda unakwamakwama kama santuri yenye mchubuko. Kizunguzungu chenyewe kimo katika maneno. Katika wimbo wenye jina refu kuliko yote, ule unaotaja kipande cha barabara ya Sunset Strip ya Los Angeles kati ya mtaa wa Clark na wa Hilldale, Lee anakatisha kila mstari kabla ya neno la mwisho, kisha neno hilo analifanya kuwa la kwanza la mstari unaofuata. Msikilizaji anajikuta amelikisia neno kabla halijaimbwa, na sentensi zinavutana mkono hadi mwisho.

Msikivu wa Santuri

Nawashukuru sana nyote wawili. Limebaki jambo moja: kwa nini wimbo baada ya wimbo unataja kifo, ilhali mwimbaji alikuwa kijana na bendi ilikuwa na jina?

Mzee wa Kanda

Lee alizaliwa Memphis mwaka 1945, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka 22 wakati huo, na alisema mwenyewe kwamba aliamini angekufa muda si mrefu na kwamba maneno ya albamu hii yangekuwa ya mwisho kwake. Alikuwa akiishi kwenye nyumba iliyo kilimani, akiutazama mji kutoka juu, mji uliokuwa ukisherehekea mapenzi na maua huku vijana wakipelekwa vitani Vietnam. Yeye hakuiamini ile sherehe. "You Set the Scene", wimbo wa kufungia wenye urefu wa karibu dakika 7, ni mtu anayejiandaa kuondoka na bado anapanga atakavyozitumia siku alizobakiwa nazo.

Kama kweli fidla zingewekwa ili albamu iuzike, basi hesabu hiyo iligonga mwamba: kwenye orodha ya albamu zinazouzika, Marekani ilifika nafasi ya 154 tu, ingawa Uingereza ilipanda hadi ya 24, na kikosi kile kikasambaratika mwaka uliofuata. Lee hakufa kama alivyotarajia. Alifungwa jela katika miaka ya 1990, akatoka Desemba 2001, na Januari 2003 akaipiga albamu nzima jijini London, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, akiwa na wapiga fidla na tarumbeta jukwaani. Onyesho hilo lilirekodiwa na linapatikana. Mpe rafiki yako mpiga besi alisikilize, kwa sababu pale hakuna kampuni inayomlazimisha mtu. Lee angeweza kupanda na magitaa matupu kama angetaka, lakini hakufanya hivyo. Alifariki Memphis mwezi Agosti 2006.