Ulinganisho: soon kueh au ku chai kueh kwa anayeanza kupika kueh za Kiteochew?

Mpishi wa Mvuke (mwanzisha mada):
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe kueh (vitafunwa vya unga) mbili za mboga za Wateochew, watu wenye asili ya Chaozhou na Shantou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong nchini China, ambao walihamia Singapore, Malaysia na Thailand wakiwa na mapishi yao. Soon kueh hujazwa machipukizi ya mianzi au bangkuang, mzizi mweupe wenye maji mengi, pamoja na uyoga mkavu, tofu ngumu na kamba wakavu. Ku chai kueh hujazwa majani bapa ya jamii ya kitunguu yenye harufu ya kitunguu saumu. Zote hufungwa katika ganda la unga wa mchele na kupikwa kwa mvuke. Ipi imfae anayeanza?

Mkazi wa Guangzhou:
Soon kueh, bila kusita. Bangkuang ikikatwa vijiti vyembamba na kukaangwa hadi maji yake yakauke, hubaki na utamu wake na hailoweshi ganda. Tena unaweza kuiandaa usiku na kuifunga asubuhi ikiwa imepoa, kwa maana mboga ya moto hulegeza ganda. Ku chai haina subira hiyo: majani huchuruzika maji mara tu yakikutana na chumvi, na yakizidi kukaa kwenye mvuke hufifia rangi, ndiyo maana wapo wapishi wanaotia soda ya kuokea (baking soda) kidogo.

Binti Mrima:
Naiheshimu hoja ya ndugu yangu, ila ladha nayo ina haki yake. Soon kueh hutegemea sana kamba wakavu. Waondoe, nawe utalazimika kuongeza uyoga ili isipooze. Ku chai inajitosheleza kwa harufu yake, na kwa asiyekula nyama wala samaki ndiyo chaguo langu, isipokuwa kwa Wabudha wa Kichina wanaojizuia na mboga za jamii ya kitunguu. Tena ikibaki, hukaangwa hadi ganda lipate ukoko, kama wanavyofanya Bangkok, na mimi huipenda zaidi hivyo.

Fundi Unga:
Wakuu, mnabishania mboga ilhali kinachowashinda wengi ni ganda. Unga wa mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha unga, kwa hiyo sharti umwagiwe maji yanayochemka ili wanga uive kidogo na kushikana. Ukitumia maji ya vuguvugu, ganda litapasuka unapolikunja. Wanga wa muhogo hulipa unyumbufu, na wanga wa ngano hulipa ung'avu unaoonyesha kijani cha ku chai. Ukizidisha wa muhogo, utatafuna mpira. Kule Pontianak, Indonesia, ganda hufanywa jembamba mno na juu hunyunyiziwa kitunguu saumu kilichokaangwa; naliona kuwa zuri kuliko yote, lakini si la mkono mgeni. Soon kueh husamehe ganda nene, kwa hiyo namuunga mkono mkazi wa Guangzhou. Dakika 10 hivi za mvuke zinatosha, kisha zipakwe mafuta zikiwa moto zisigandane.

Mpishi wa Mvuke:
Nashukuru sana. Nitaanza na soon kueh. Je, nikikosa bangkuang, kabichi itafaa?

Mkazi wa Guangzhou:
Itafaa, maana hata wenyewe huitumia. Ikate nyembamba, itie chumvi, iache ichuje maji, kisha uikamue vizuri kabla ya kuikaanga.