Siku ya kupumzika mjini katikati ya safari ndefu ya miguu: tupeane uzoefu

Mwana wa Kagera

Wakuu, heshima kwenu. Juni 3 inakaribia na wengi wenu mtafunga viatu kwenda Namugongo, Uganda, kwa hija ya Mashahidi wa Uganda. Habari za viatu na mabegi tumeshaongea sana humu. Leo naomba tuiongelee ile siku ya kupumzika mjini, maana haiulizwi mpaka imemkuta mtu. Ulipumzika mji gani, ulifanya nini, na kesho yake uliondokaje?

Naanza na yangu. Tulitoka Bukoba watu kumi na mmoja, tukapita Kyaka, tukavuka mpaka Mutukula, tukapita Kyotera, na siku ya sita tukaingia Masaka. Kiongozi akasema kesho hatuendi popote. Nikajiahidi kulala mpaka saa nne. Saa kumi na moja alfajiri macho yakawa wazi, mwili umeshazoea kuondoka. Nikashusha miguu kitandani, nyayo zikakataa sakafu. Siku zote sita hazikuwahi kuniuma namna ile. Ukiwa barabarani maumivu unayatembeza. Ukisimama yanakaa nawe chumbani.

Tulipokelewa kwa mzee mmoja karibu na Kitovu, lilipo kanisa kuu la jimbo. Jioni tulipofika tulimsalimia kwa Kiswahili, akaitikia kwa heshima lakini kwa ufupi. Wengi wa rika lake kule Kiswahili walikisikia kwanza vinywani mwa askari. Asubuhi wenzangu wakaenda kufua, mimi na nyayo zangu tukabaki naye barazani. Akaniuliza natoka upande gani. Nikamwambia Bukoba. Akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea mjini, akaanza kunitajia majengo yaliyokuwapo kabla ya Februari 1979, kabla majeshi yetu ya Tanzania hayajaingia Masaka na kuibomoa katika vita na Amin.

Sikuwa na la kujibu. Nimekua nikisimuliwa daraja la Kyaka lililolipuliwa na askari wa Amin mwaka 1978, na ng'ombe wetu walioswagwa. Ya Masaka nilikuwa sijayasikia kwa mtu aliyeyaona. Nikamwambia tu, "Pole, mzee wangu." Akainuka, nikadhani nimemuudhi. Akarudi na beseni la maji ya vuguvugu, akatia chumvi, akaniambia niweke miguu. Tukakaa hapo tukiulizana bei ya kahawa, kwao na kwetu, mpaka maji yakapoa.

Nawasilisha. Karibuni na yenu.

Muuguzi wa Zamu

Pole kwa nyayo, mkuu, na asante kwa simulizi. Niongeze la kazini kwangu. Maji ya chumvi yasizidi dakika kama kumi na tano, kisha kausha vizuri hata katikati ya vidole. Ngozi ikilowa sana inalainika, na kesho malengelenge yanaongezeka. Lengelenge lisilouma liache, ngozi yake ndiyo bandeji. Likipasuka lenyewe, osha, funika, wala usibandue ile ngozi ya juu. Mwenye kisukari asiloweke miguu kabisa, na asitumbue kitu mwenyewe. Kama kuna kidonda aende kituo cha afya siku hiyohiyo ya mapumziko, akiwa bado mjini. Nimewahi kumpokea mtu aliyesubiri hadi kijijini, ambako hapakuwa hata na bandeji.

Bi. Pwani

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa, naishi Ujerumani. Nilitembea ile njia ya hija ya Santiago kule Hispania, inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, karibu kilomita 800. Nilipumzika Burgos, kabla ya ile nyanda kavu wanayoiita Meseta.

Jambo ambalo sikuambiwa ni hili: hosteli za mahujaji za manispaa kwa kawaida hulaza mtu usiku mmoja tu, asubuhi mnatolewa wote. Kwa hiyo anayepumzika hutafuta chumba cha kulipia. Nikabeba begi kutafuta chumba huku wale niliotembea nao tangu Pamplona wakifunga kamba za viatu. Tulikumbatiana, wakaenda. Nikaenda kutazama kanisa kuu lao, lililoanza kujengwa mwaka 1221, jiwe jeupe limechongwa kama lesi. Ni zuri mno, lakini kila nilichokiona nilitamani kumwonyesha mmoja wao. Saa nane mchana nikataka soksi, maduka yakafungwa hadi saa kumi na moja. Nikakaa kwenye benchi nikalia. Siyo miguu. Nilikuwa nimebaki nyuma.

Kesho yake nilikimbiza mwendo nikidhani nitawafikia. Siku ukishaiachia huipati tena, maana nao wanatembea. Ila siku ya pili nilipolala Castrojeriz, kwenye daftari la wageni nikakuta wameniandikia mistari minne, wamechora hata kanga yangu. Nililiangalia daftari lile mara nyingi usiku ule.

Mwendo Pole

Mimi hutoka Busia, kwa hivyo mji wangu ni Jinja. Ushauri wangu: pumzika nusu siku, siyo siku nzima. Siku nzima mwili unalala kabisa, na mbele kuna msitu wa Mabira.

Lakini nina swali la ukweli. Tukiwa Jinja wenzangu wawili walipanda bodaboda kwenda kuona Nile inapotoka ziwani, wakala na chapati ya mayai ile wanayoiita rolex, wakarudi. Jioni kukawa na mabishano: hujaji aliyeweka nadhiri ya kutembea amepanda pikipiki! Mama mmoja alikasirika kweli. Nyinyi mnaonaje?

Mnyamwezi

Mwendo Pole, kwa maoni yangu pikipiki isiyokusogeza mbele haijavunja kitu. Walirudi palepale walipotoka.

Huku Tabora mapumziko ni jambo la kale. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilisimama hapa kwa siku nyingi, wapagazi wakiwa na mizigo ya kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, mabegani. Mji wetu umekuzwa na watu waliosimama kupumzika.

Mwana wa Kagera

Nimesoma zote, asanteni. Muuguzi, mzee wangu aliniacha kwenye beseni zaidi ya nusu saa, sasa najua kwa nini siku iliyofuata ilikuwa ngumu! Mwendo Pole, nakubaliana na Mnyamwezi kuhusu pikipiki; kwetu kiongozi hata hununua mboga kwa bodaboda siku ya kupumzika. Bi. Pwani, pole sana. Sisi tuliondoka Masaka pamoja wote kumi na mmoja, na sikujua hilo ni jambo la kushukuru mpaka nilipokusoma.

Mwaka huu naenda tena. Nimeshaweka senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaushwa kwenye mkebe kwa ajili ya mzee. Nilimpigia simu kumwambia, akacheka, akasema Masaka ndiko kwenye senene watamu, nilete hao wa Bukoba wapimwe.