Mishubiri mitatu ya kufanana: ua lipi ni la aloe vera?

MtunzaMiche (Moshi): Wanajukwaa, nawasalimu. Miaka mitatu iliyopita niliuziwa mche nikaambiwa ni aloe vera, nami nikaupanda kando ya kibaraza. Majani yake ni manene, yana miiba pembeni na madoa meupe yaliyojipanga kwa mistari. Sasa umetoa bua lenye matawi kadhaa na maua ya rangi ya chungwa. Je, ni aloe vera kweli, au ni mshubiri wa porini?

BiMashamba: Ndugu yangu, madoa hayo ndiyo ushahidi. Wangu nao ulikuwa nayo ulipokuwa mdogo.

MzeeWaNyika (Voi): Bi Mashamba, umejijibu mwenyewe: ulipokuwa mdogo. Kwa kawaida aloe vera hupoteza madoa inapokomaa, na maua yake huwa ya manjano, yameinamia chini, yamesongamana juu ya bua refu lisilo na matawi mengi. Huku kwetu tunao Aloe secundiflora, wenye maua mekundu yaliyofifia. Matawi ya bua lake hulala upande, na maua yote husimama upande wa juu wa tawi, kana kwamba mtu ameupukuchua upande wa chini. Nadhani ndio huo.

MtunzaMiche: Shikamoo, mzee. Ya kwangu hayakuegemea upande mmoja. Yamejikusanya kileleni mwa kila tawi.

MzeeWaNyika: Marahaba. Basi naufuta wangu.

Mwanabotania: Umebaki Aloe lateritia, ambao unaota sana kwenye nyika za Kenya na Tanzania na hubaki na madoa hata ukikomaa. Naomba uchume ua moja, ulilaze kiganjani na kutazama linapoungana na kikonyo. La aloe vera ni mrija usio na uvimbe huko chini, ilhali la lateritia huvimba mviringo kama kibuyu kidogo, likabanwa ghafla, kisha likapanuka tena kuelekea mdomoni. Rangi peke yake usiitegemee, kwa kuwa lateritia hutoa pia maua ya manjano, na hapo ndipo wauza miche hukosea (wengine, nashuku, kwa makusudi).

MtunzaMiche: Nimechuma matatu, na yote yana kibuyu.

BiMashamba: Nami nimetoka nje kuutazama wangu: maua ni ya manjano na hayana kibuyu. Angalau mimi sikuibiwa.

Mwanabotania: Jambo moja zaidi, ikiwa mna nia ya kugawa machipukizi. Biashara ya kimataifa ya mishubiri husimamiwa na mkataba wa CITES, nao umeiacha nje aloe vera pekee; lateritia imo. Kabla ya kuuvusha mpaka, ulizieni kibali.

MtunzaMiche: Nilikuwa nimemwahidi dada yangu aliye Nairobi machipukizi mawili. Itabidi angoje.