Mtu wa Kigoma naambiwa "kwao hakuna maji"! Mbele ya watu! Ufukweni!

Mwana Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado nipo Jambiani, mchanga mpaka masikioni, chaji inakaribia kukata, makosa ya herufi mnivumilie. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Yule bwana. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa miwani ya jua hata saa mbili usiku, anayesimamisha gari katikati ya barabara pale Mwanga akashuka kununua vocha, akaongea na simu mpaka foleni inafika Ujiji. Huyo huyo. Amehamia kwetu juzi tu. Kwao maji yanatembea mtaani yakiwa mgongoni mwa punda. Samaki kuhe ameanza kumla Kigoma, hicho kitambi chote kimejengwa na migebuka yetu. Huyo ndiye leo kasimama mbele za watu akasema MIMI kwetu hakuna maji.

Tulivuka kuja Unguja kwenye harusi ya mwenzetu. Harusi imeisha salama, leo siku ya bure, nikasema nazunguka kisiwa cha watu taratibu, sina haraka na mtu. Na asubuhi ilikuwa tamu, sidanganyi. Tumepotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kila ukidhani umetoka unajikuta mlango uleule wenye nakshi, paka yuleyule kalala kizingitini anakuangalia tena. Tumepita Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip, yule aliyekuwa anatoka huko kwetu bara na misafara ya pembe na watumwa, Ujiji, Tabora, mpaka pwani, akafia hapa mwaka 1905. Mimi pale nimesimama nawaza mambo mazito. Yule bwana anapiga picha, mkono kiunoni, mguu juu ya ngazi, utadhani mirathi imetoka jana.

Tukapanda daladala kuja huku. Mabenchi ya pembeni, mnakaa magoti yakigongana, kapu la muhogo la mama wa watu liko mapajani mwangu. Pale Jozani kima punju wakakatiza barabara. Wakuu, kima punju asili yao ni hapa Unguja tu. Yule bwana akapaza sauti gari zima: "Tazameni sokwe!" Mtu anakaa Kigoma. Gombe iko pale, saa chache kwa boti, watu wanatoka Ulaya kuja kuona sokwe. Sokwe hana hata mkia! Nikanyamaza. Bado nilikuwa na amani yangu.

Tumefika Jambiani mchana, maji hakuna. Namaanisha bahari imeondoka. Ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga, kinamama wako mbali kule wameinama kwenye vigingi vyao wanafunga mwani kwenye kamba, watu wanatembea kwa miguu mahali ambapo panatakiwa pawe na kina. Nikauliza kistaarabu kabisa, "Jamani, maji yameenda wapi?"

Swali la kawaida! Mtu yeyote mwenye akili angeuliza!

Yule bwana akageuka, akashusha miwani mpaka puani, akatangaza kwa wazungu, kwa kinamama wa mwani, kwa watoto, kwa kuku waliokuwepo: "Msameheni huyu, katoka Kigoma. Kwao hakuna maji."

KWAO. HAKUNA. MAJI.

Mama mmoja wa mwani aliachia kamba yake akashika kiuno kwa kucheka. Na kabla sijajibu, katoto ka miaka kama sita kakaja na chupa yake ya maji imebaki nusu, kakaninyooshea: "Kunywa ami, usione haya."

Wakuu. Mimi nimekulia Kibirizi. Ziwa langu Tanganyika nikiliacha asubuhi, jioni nalikuta. Halina tabia ya kuondoka mchana kweupe bila kuaga. Kina chake mita 1,470, la pili kwa kina duniani, linazidiwa na Baikal peke yake. Meli ya Liemba Wajerumani waliileta vipande vipande, ikaungwa hapo hapo Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, na mwaka 1924 Waingereza wakaiibua kutoka chini. Chini ya nini? Ilizamishwa kwenye beseni?

"Kwao hakuna maji." Na anacheka. Na sasa hivi yuko pale chini ya mnazi anakunywa dafu, anasimulia upya kwa kundi lililofika sasa hivi. Namuona. Kafika pale pa kushusha miwani.

Nasema hivi, akirudi Kigoma asiguse bomba, asiguse mwalo, asiguse hata barafu. Nawasilisha.

Dagaa Mkavu

Mimi nimekomea pale kwenye chupa. Uliyanywa?

Bibi Mawese

Huyo namjua! Si ndiye aliyekuwa mweka hazina wa mchango wa ile send-off, tukaishia kugawana soda moja watu wawili? Miwani ile ile. Pole mwanangu, huyo hana haya tangu zamani.

Mwana Kibirizi

@Bibi Mawese Shikamoo bibi. Ndiye. Huyo huyo. Na sasa ameongeza kwenye hadithi kwamba nilipiga magoti kuikagua bahari. SIKUPIGA MAGOTI. Nilichuchumaa.

Dagaa Mkavu

Maji uliyanywa au hukunywa?

Kasulu Mjini

Hahahaha "usione haya". Huyo mtoto apewe cheti. Mwanzisha uzi kila nikisoma nakuona umesimama na kaptula ya harusi unaitafuta bahari.

Kijana wa Gungu

Mimi naomba niulize kwa upole, na msinipige. Huyo bwana kakosea wapi? Hapa Gungu bomba langu likifunguliwa linakohoa hewa tu. Tunaliona ziwa kutoka dirishani, linang'aa, na ndoo ziko mstari zinasubiri. Kwetu maji ya kuangalia yapo. Ya kuoga ndiyo hayapo.

Mwana Kibirizi

@Kijana wa Gungu Wewe ni mwenzetu au umetumwa? Mada ni dharau, siyo bomba!

Kijana wa Gungu

Mkuu sijaoga tangu jana, mada yangu mimi ni bomba.

Ami wa Pwani

Nyie watu wa bara mna vituko. Maji hayakwenda popote, yamekupwa. Yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, yanatoka mpaka kule kwenye mwamba na yakirudi yanarudi kwa nguvu. Kinamama wa mwani wanahesabu siku zao kwa hilo. Huko ziwani kwenu mwezi unavuta pia, ila kidogo mno hata huoni kwa macho. Subirini kama muda wa saa sita hivi bahari iwarudie.

Kasulu Mjini

Mwalimu, tulikuja kucheka.

Mwana Kibirizi

@Ami wa Pwani Asante kwa elimu, lakini mbona hukuwepo pale? Ungemwambia YEYE. Mimi nilikuwa nauliza ili nielimishwe, nikapewa chupa.

Mnyanyembe Halisi

Mwangaluka wakuu. Nasoma hapa Tabora nacheka peke yangu, hadi wateja wananikimbia. Sisi tulioitwa watu wa nchi kavu tumevutiwa maji kutoka Ziwa Victoria, yamefika Nzega, Igunga, mpaka mjini kwetu. Nyie mnakalia ziwa lenu wenyewe mna madumu. Jamaa wa miwani kasema kweli tupu. Karibuni Tabora muoge.

Bibi Mawese

Wewe mtoto wa Tabora nyamaza. Ile asali uliyoniuzia pale stesheni, dirishani, treni ikiwa inaondoka, nilifika nyumbani ni sukari guru na maji. Hayo maji yenu ya Victoria ndiyo mnachanganyia asali?

Mnyanyembe Halisi

Shikamoo bibi, siyo mimi, wallahi. Wale wa dirishani hata sisi hatuwajui. Asali ya kweli ingia ndani sokoni, uonje, usinunue kwa kurushiana hela kupitia dirishani.

Mhamiaji wa Mpanda

Hapo kwenye treni ndipo mimi nina kilio. Mnajua pale Tabora njia zinagawanyika, hii Kigoma, hii Mwanza, na sisi wa Mpanda tunachepukia Kaliua. Basi behewa letu lilikatwa likaachwa pembeni usiku kucha, hakuna aliyesema neno. Watoto wanalia, mbu wanakula bure. Asubuhi anapita jamaa anauliza, "Nyie bado mpo?" NYIE BADO MPO! Hiyo kupewa chupa ya maji ni heshima kubwa, mimi sikupewa hata maji.

Kasulu Mjini

"Nyie bado mpo" nimeanguka.

Mwana Kibirizi

Wakuu turudi kwenye mada. Yule bwana sasa anapiga picha na yule mtoto wa chupa. Wamekumbatiana. Na bahari ndiyo kwanza imeanza kurudi, tena anasema "mwonyesheni mwenzetu yale ndiyo maji." Mnaelewa ninachopitia?

Dagaa Mkavu

Tunaelewa. Uliyanywa?

Mama Katonga

Mimi simlaumu wa miwani, namlaumu anayeniuzia dagaa. Katika kilo moja, robo ni mchanga. Nimekaa naosha dagaa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, maji yamekuwa uji. Kama kwetu kuna maji yote hayo ya mita elfu na kitu, kwa nini dagaa wasioshwe hukohuko?

Mwalo Bangwe

@Mama Katonga dada yangu, wanaanikwa chini ndiyo maana. Nunua wa kwenye vichanja, bei juu kidogo lakini meno yako yatapona. Na nunua mapema uweke, ziwa likifungwa watu wasivue utalia. Mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mimi mvuvi nilikula maharage mpaka mke wangu akawa ananikimbia.

Kijana wa Gungu

Maharage yanahitaji maji kuchemka. Wewe ulitoa wapi?

Mnyanyembe Halisi

Hahahaha Gungu leo mmeamua.

Mwalo Bangwe

Kufunga ni kwa ajili ya samaki wazaliane, nakubali, na mgebuka baada ya hapo alikuwa mnene hasa. Ninachopinga ni wale waliokuwa wanaingia usiku sisi tukilala. Tunawajua kwa taa zao. Majina sitaji.

Mhamiaji wa Mpanda

Huu uzi mbona hakuna anayetaja jina.

Bibi Mawese

Kwa hiyo kuhe mbichi Katonga leo wanauzaje? Nina wageni kesho, na wageni wenyewe wanatoka Tabora, nisije nikasemwa.

Mama Katonga

Kuhe leo hayupo bibi, upepo ulikuwa mkali usiku, mitumbwi haikutoka. Wamebaki migebuka wa jana tu, nao usichukue bila kufunua shavu.

Bibi Mawese

Basi niwekee migebuka minne, nitapitia asubuhi. Wakavu, siyo wa jana.

Mwana Kibirizi

Jamani mimi bado nipo ufukweni huku.

Mama Katonga

Sawa bibi. Njoo kabla ya saa mbili, na uje na ndoo yako.